Aliishiwa na Mabwana, Akabaki na Bwana

Masomo: Zaburi 146:3-5, Luka 6:46-49, Wafilipi 2:5-11

Bwana asifiwe, wapendwa. Na tena asifiwe.

Hii salamu tunaitoa mara ngapi kwa siku? Mimi nikitoka nyumbani asubuhi mpaka nifike soko la Wote, nimeitoa si chini ya mara kumi. Nampa kijana wa boda boda, nampa mama anayepanga maembe yake kando ya barabara, nampa mshirika mwenzangu tukikutana kwenye foleni ya benki. Imekuwa kama hodi. Mtu anaitikia amina hata kabla hujamaliza kusema. Si vibaya. Lakini kuna siku Roho Mtakatifu alinishika na swali moja ambalo sikulipenda: wewe unayesema Bwana asubuhi mpaka jioni, bwana wako ni nani hasa?

Wacha niwaeleze lilivyonijia, hata kama ni aibu kwangu.

Miaka michache iliyopita binti yangu alimaliza chuo cha ualimu. Mnajua kazi haipatikani hivi hivi. Mtu mmoja mwenye cheo aliniahidi kwamba jina la mtoto litapita. Simtaji, na ofisi yake siitaji, maana kosa ninalolileta hapa ni langu. Niliuza fahali mmoja na mbuzi wawili nikapeleka bahasha. Nilijua ninachofanya. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikaongoza sifa, nikatangaza kwa sauti kuu kwamba Yesu ni Bwana. Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuomba, nikampigia yule mtu simu. Ikawa ndiyo desturi yangu kila Jumatatu. Kisha yule mtu akahamishwa, na simu yake haikushikwa tena.

Nilikasirika sana. Cha ajabu, yule mtu sikumkasirikia hata nusu ya vile nilivyomkasirikia Mungu. Nikaacha ibada ya nyumbani. Nikawa nakuja kanisani kwa sababu ya macho ya watu tu.

Katika majira hayo, mzee mmoja mwalimu mstaafu aliniazima kitabu juu ya wamisionari wa kwanza wa Kenya. Ndani yake nikamkuta Ludwig Krapf. Jina nililijua tangu shuleni. Kwenye somo la GHC tulikariri kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tukaandika kwenye mtihani, tukapata maki, yakaisha. Hakuna aliyetuambia huyu mtu alipitia nini hapa kwetu Ukambani. Nilisoma mpaka taa ikaanza kufifia. Leo nataka tutembee naye kidogo.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima kama wengi wetu. Akiwa mvulana wa miaka kumi na moja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine. Akaugua karibu miezi sita. Pale kitandani kazi yake ikawa kusoma Biblia, na ndipo neno la Mungu lilipoanza kushika mizizi ndani yake. Baadaye akasomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akasoma theolojia Tübingen. Mwaka 1837 akatumwa Ethiopia na CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye nguvu, mwenye bidii ya lugha, na mwenye mpango.

Hapo sasa ndipo mabwana wanapoanza.

Bwana wake wa kwanza alikuwa mfalme. Huko Tigre, kaskazini mwa Ethiopia, Krapf hakukaa sana, alifukuzwa. Mwaka 1839 akafika Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, naye akampokea vizuri. Krapf akaona mlango umefunguka. Hamu yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo, na aliamini kwamba akiwa na mfalme mgongoni, atafika. Akakaa karibu miaka mitatu. Mwaka 1842 aliondoka kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyekuwa anakuja Misri ili wafunge ndoa. Njiani mkuu mmoja wa eneo akamnyang'anya karibu kila kitu. Alipojaribu kurudi Shoa na mkewe, njia ikawa imefungwa. Mfalme aliyemtegemea hakuwataka tena wamisionari.

Walijaribu kuingia kupitia Tigre, mwaka 1843. Rosine alikuwa mjamzito. Huko nyikani, bila nyumba na bila mkunga, akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Krapf alimpa jina Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi. Wazazi mnaosoma hapa, nyamazeni kidogo juu ya jina hilo.

Bwana wa pili alikuwa sultani. Januari 1844 Krapf na Rosine walifika Zanzibar. Seyyid Said, aliyetawala pwani yote, akampa barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee mema na wamsaidie. Barua kutoka kwa mkubwa! Sisi twajua uzito wa barua kama hiyo. Ukiwa nayo, milango ya ofisi inafunguka yenyewe. Mwezi Mei wakahamia Mombasa, na Juni Krapf alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mambo yalikuwa yanaenda.

Lakini barua ya sultani haiwezi kuizuia malaria. Julai 1844 homa iliwaangusha wote wawili, na Rosine alikuwa amejifungua mtoto mwingine wa kike siku chache tu zilizopita. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki. Siku mbili baadaye mtoto naye akamfuata. Krapf alikuwa mgonjwa, hana nguvu hata ya kusimama sawasawa. Kwa matakwa ya Rosine mwenyewe, kaburi lilichimbwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali wapita njia watakapoliona. Lipo mpaka leo, upande wa Nyali. Ukienda Mombasa, usiishie ufukweni.

Ndani ya miaka miwili huyu mtu amezika watoto wawili na mke. Angepanda jahazi arudi kwao, nani angemlaumu? Yeye aliwaandikia wakuu wake Uingereza kwamba sasa kuna kaburi la misheni katika pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo iwe ishara kwao kwamba vita vimeanza na saa ya kulileta neno la Mungu kwa bara hili imekaribia. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Nilikuwa nimetafuta hasira ndani yake nikaikosa. Machozi yalikuwepo, na malalamiko mbele za Mungu nadhani yalikuwepo, kama ilivyo katika Zaburi. Lakini hakumwambia Mungu kwamba mapatano yamevunjika, kwa sababu hakuwa amefanya mapatano naye. Alikuwa amejitoa.

Mwaka 1846 mwenzake, Johannes Rebmann, alifika. Agosti wakapanda Rabai wakiwa dhaifu kwa homa, wazee wa Kirabai wakawakubali, wakajenga. Hapo walihubiri, wakaandika lugha, wakangoja. Mtu wa kwanza kumpokea Yesu alikuwa mlemavu maskini aliyeitwa Mringe, akabatizwa akiwa karibu kufa. Huyo ndiye malimbuko.

Bwana wa tatu ni wa kwetu kabisa. Mnamo Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai akaja Ukambani. Alipita Kikumbulyu, upande wa Kibwezi wa leo, hapa hapa Makueni, akavuka kwenda Kitui kwa Kivoi. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mtu ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani na ambaye neno lake lilisikika mbali. Alimpokea Mjerumani huyu kwa heshima, akamsimulia juu ya mlima mrefu wenye weupe juu yake. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka na Krapf akauona kwa macho yake, akiwa Kitui. Hiyo ndiyo habari tuliyokariri shuleni.

Lakini shule iliishia hapo, na Mungu hakuwa amemaliza. Krapf alienda Ulaya akarudi na mpango mkubwa kuliko wote: mnyororo wa vituo vya misheni kuanzia Mombasa, kuvuka Afrika nzima, hadi bahari ya magharibi. Pete ya kwanza ya mnyororo baada ya pwani ilikuwa iwe Ukambani. Julai 1851 akafunga safari tena. Njiani wanyang'anyi waliwashambulia. Alipofika Yatta akaanza kibanda, lakini wapagazi wakamwacha, na kukaa peke yake kukamshinda. Akaenda Kitui kumtegemea Kivoi.

Mwisho wa Agosti, Kivoi akaongoza msafara kuelekea Mto Tana, Krapf akiwa ndani yake. Wakiwa karibu na mto, wakavamiwa na kundi kubwa la watu wenye mishale. Krapf alikuwa na bunduki akafyatua hewani, maana hakuja kuua mtu. Msafara ukatawanyika. Kivoi akauawa, na wengine pamoja naye.

Sasa mwangalie Krapf. Yuko peke yake porini, katika nchi asiyoijua, hana chakula, hana maji. Mfalme wa Shoa yuko mbali na ameshamkataa. Barua ya sultani huku ni karatasi tu. Kivoi amelala chini. Kiu ilimsukuma mpaka akaufikia Tana, akanywa. Hakuwa na kibuyu, akajaza maji ndani ya mitutu ya bunduki na ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaziba kwa majani na vipande vya nguo. Akawa anajificha mchana na kutembea usiku, miiba ikimchana. Alipofika kwa watu wa Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, na maisha yake yakawa hatarini tena. Akatoroka usiku. Mwishowe akafika Yatta, na kutoka hapo akarudi pwani. Rabai walikuwa wameshasikia kwamba amekufa.

Hapo ndipo niliweka kitabu chini. Nilijiona mimi na simu yangu ya kila Jumatatu. Krapf aliishiwa na wakubwa wote watatu, akaendelea kuomba na kutembea. Mimi niliishiwa na mmoja tu, imani yangu ikalala. Basi nani alikuwa bwana wangu? Yule ambaye akiondoka, kila kitu kinaanguka.

Lakini kulikuwa na bwana wa nne, na huyu ndiye mgumu kuliko wote: mpango wake mwenyewe. Mnyororo wake haukujengwa. Kituo cha Ukambani hakikusimama. Mwaka 1853 afya ilimshinda akarudi Ulaya. Baada ya miaka yote ile, waliomwamini Kristo kwa kazi yao Rabai hawakufika hata idadi ya vidole vya mkono mmoja. Mtu akihesabu kama tunavyohesabu sisi, huyu alishindwa. Hakuna kanisa la leo lingemwalika kwenye kongamano. Lakini alipoombwa, alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waanze kazi yao Ribe, shirika ambalo hata si lake. Kazi ilikuwa ya Bwana, kwa hiyo hakujali sana jina lililoandikwa mlangoni. Kwao Korntal, Ujerumani, aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili mpaka uzeeni. Ilichapishwa mwaka 1882. Yeye hakuiona. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta chumbani kando ya kitanda amepiga magoti. Alikuwa amekufa akiomba.

Sisemi Krapf alikuwa malaika. Aliandika mambo mengine makali na yasiyo ya haki juu ya babu zetu, na mtu wa Ukambani akiyasoma yatamuuma. Mungu hutumia vyombo vyenye ufa. Ninyi mnanijua mimi, kwa hiyo hilo halihitaji ushahidi zaidi.

Na sasa turudi kwenye lile neno.

Kwanza, Bwana ni mwenye mali. Krapf alipofika pwani, watu walikuwa wanauzwa sokoni Zanzibar, na kila mtu alijua bwana ni nani: ni yule anayemiliki. Mtumwa hachagui aende wapi. Ni neno zito, tena lina damu. Ndiyo maana inashangaza kwamba Biblia inalitoa kwa Yesu. Lakini soma vizuri Wafilipi mlango wa pili. Huyu Bwana alifika juu kwa kushuka. Alichukua namna ya mtumwa, akatii mpaka msalaba, na kwa sababu hiyo Mungu akampa Jina lipitalo kila jina. Mabwana wengine wanakumiliki kwa kuchukua chako. Huyu alikununua kwa kutoa chake.

Pili, Bwana ni mmoja. Wakristo wa kwanza waliishi chini ya Rumi, ambako Kaisari naye aliitwa bwana. Walilipa kodi, waliwaheshimu watawala, waliwaombea. Lakini kiti kile kimoja hawakukubali kikaliwe na wawili. Hatukatazwi kusaidiwa na watu. Krapf alipokea barua ya sultani akashukuru, akala kwa Kivoi akashukuru. Kosa linaanza pale msaidizi anapogeuka mwokozi, mpaka unamtii yeye pale ambapo Yesu amesema hapana. Ile bahasha yangu ilikuwa sadaka, wapendwa. Niliipeleka kwa madhabahu isiyo ya Bwana.

Tatu, Bwana anatiiwa hata matokeo yakichelewa. Katika Luka 6 Yesu anauliza kwa nini watu wanamwita Bwana na hawatendi anayosema, kisha anatoa mfano wa nyumba mbili. Zote mbili zilipigwa na mafuriko. Hata ya mtiifu ilipigwa. Hakuahidi kwamba mto hautafurika. Aliahidi msingi.

Mwaka 1895, miaka arobaini na minne baada ya Krapf kukimbia usiku kutoka Kitui, wamisionari wa African Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza pale Nzaui, si mbali na hapa Wote. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, alikufa mwaka uliofuata kwa homa, akiwa bado kijana. Tena kaburi. Na bado wewe leo unakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mabati, unamwita Yesu Bwana kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Pete za ule mnyororo zilifungwa, lakini kwa mikono mingine na kwa wakati mwingine, na nyingi zilifungwa na wainjilisti Waafrika waliotembea kwa miguu ambao majina yao hayako katika kitabu nilichoazimwa.

Mtaniuliza, binti yako je? Bado hajaajiriwa. Anafundisha shule ndogo ya watu binafsi kwa malipo kidogo, na jioni anauza mboga. Ningependa kuwaletea ushuhuda wa barua ya kazi, lakini sina. Ninao huu: nilimwita yeye na mama yake, nikawaambia ukweli juu ya fahali na bahasha, nikaomba msamaha. Walinyamaza muda mrefu. Kisha binti yangu akasema tuombe. Jumatatu sipigi tena ile simu. Saa hiyo tunapiga magoti watatu, na fomu zake anazituma kwa njia ya haki kila nafasi zinapotangazwa.

Basi wiki hii, ukikutana na mwenzako ukamwambia Bwana asifiwe, simama kidogo ndani ya moyo wako. Jiulize ni nani akiondoka leo utaanguka. Ukishamjua, mshushe kwenye kile kiti.

Tuombe: Bwana Yesu, tumekuita Bwana kwa midomo na tumeweka wengine mahali pako. Tusamehe. Chukua kiti chako katika nyumba zetu, katika biashara zetu, katika kazi za watoto wetu. Mlango ukifunguka, wewe ni Bwana. Ukifungwa, wewe ni Bwana. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

1. Taja mtu au kitu ambacho umekitegemea kuliko Kristo. Kilipoondoka, nini kilitokea kwa maombi yako?

2. Kuna tofauti gani kati ya kushukuru kwa msaada wa mtu na kumfanya huyo mtu bwana?

3. Ni mpango gani wako mwenyewe ambao ni vigumu kumwachia Bwana?